Mwangwi ndani ya utando: istilahi za leza na sauti katika vipimo vya nanomita

Matini zinazoeleza namna ya kuchunguza maada kwa leza na mawimbi ya sauti humtega mfasiri mapema kabisa, katika jina la chombo chenyewe. Wengi huandika "leza ya kasi kubwa". Mwanafunzi akisoma hivyo hudhani kwamba mwanga wa leza hiyo husafiri upesi kuliko mwanga mwingine, ilhali katika ombwe mwanga wote huenda mwendo mmoja, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachoipambanua leza hii ni ufupi wa muda: hutoa mwanga kwa vipande, na kila kipande hudumu chini ya pikosekunde 1, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde. "Leza ya mipigo mifupi mno" ni tafsiri ndefu kidogo, lakini ni ya kweli. Tunapendekeza mpigo/mipigo kuliko pigo/mapigo, kwa kuwa pigo limebeba pia maana ya balaa, ingawa katika "mapigo ya moyo" halina taabu yoyote.

Neno linalobeba njia nzima ni mwangwi. Mwalimu wa Songea hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mtu akiielekea milima ya Matogoro akapaza sauti, na sauti ikamrudia baada ya sekunde 2, basi ukingo ulioirudisha uko umbali wa mita 340 hivi, kwa sababu sauti hewani huenda mita 340 kwa sekunde, na hapa imekwenda na kurudi. Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, Humphrey Maris, Jan Tauc na wenzao walionyesha kwamba hesabu hiyohiyo yawezekana ndani ya utando mwembamba usioonekana unene wake kwa macho.

Mpigo wa leza huangukia uso wa utando wa metali. Uso hupata joto ghafla na kutanuka, na mtanuko huo huzaa wimbi la sauti linalozama ndani. Wimbi likifika mpaka wa utando na kitu kilichoubeba, sehemu yake hurudi juu. Katika alumini sauti husafiri takriban mita 6,400 kwa sekunde, ambazo ni nanomita 6.4 kwa pikosekunde. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Utando wenye unene wa nanomita 100 utarudisha mwangwi wake baada ya pikosekunde 31 hivi.

Ni sikio gani litasikia jambo hilo? Hakuna, wala kipaza sauti. Hutumwa mpigo wa pili, dhaifu zaidi, kuuchungulia uso wa utando. Mwangwi unapowasili hubadilisha kidogo sana kiasi cha mwanga unaoakisiwa, na badiliko hilo ndilo hupimwa, kwa kurudia jaribio mara nyingi mno. Muda kati ya mipigo miwili haupimwi kwa saa. Mwanga huenda milimita 0.3 kwa pikosekunde, hivyo kioo kikirudishwa nyuma milimita 0.15, mpigo wa pili huchelewa pikosekunde 1 kamili. Muda unapimwa kwa rula, na sijui kama fizikia ina hila nyingine nzuri kuliko hii.

Mipigo hiyo miwili tuiite mpigo chochezi na mpigo chunguzi. Tafsiri sisisi ya "mpigo wa pampu" humpeleka msomaji kisimani. Vilevile tusiite mbinu hii "altrasaundi", japo ni jamaa wa karibu: neno hilo limekwisha kuwa la hospitali na la mama mjamzito, na mawimbi yake hutikisika mamilioni ya mara kwa sekunde, wakati haya hutikisika mabilioni mengi ya mara. Wapo wanaosita kuita "sauti" kitu kisichosikika. Wasisite, katika fizikia sauti ni mtikisiko unaosafiri ndani ya maada, awepo msikilizaji au asiwepo.

Faida yake ni kwamba utando haukatwi wala kuguswa. Viwanda vya vipande vya kompyuta hupima hivyo unene wa tabaka za metali. Unene ukiwa umekwisha kujulikana kwa njia nyingine, mwangwi hutoa mwendo wa sauti, na kutoka hapo ukakamavu wa maada. Utando ukiwa umebanduka chini, mwangwi hurudi kwa nguvu zaidi, maana sauti haina pa kupitia.

Limebaki neno moja, nalo lina haki ya pekee mkoani Ruvuma. Leza nyingi za aina hii hutumia fuwele ya korandamu, muungano wa alumini na oksijeni, iliyotiwa titani. Peter Moulton aliitangaza mwaka 1982. Korandamu ndiyo vito vinavyochimbwa Tunduru tangu miaka ya 1990, ambavyo wachimbaji huviita safaya. Kiswahili kina neno la zamani zaidi, yakuti, kutoka Kiarabu, na neno hilo hukusanya pamoja vito vyekundu na vya buluu, jambo ambalo wanakemia wangeliridhia, kwa kuwa vyote ni korandamu. Leza ya kwanza kabisa, ya Theodore Maiman mwaka 1960, ilitumia yakuti nyekundu, ambayo wekundu wake hutokana na kromi. Mfasiri aandike basi "leza ya yakuti yenye titani". Asiongeze "samawi", kama inavyoandikwa katika Biblia ya Kiswahili: samawi ni rangi ya mbingu, na buluu ya yakuti huhitaji titani pamoja na chuma. Fuwele ya leza haina chuma hicho. Rangi yake ni ya waridi.