Tennessee ilipoacha kuhesabu vichwa

Kwa miaka mingi, vyuo vya umma vya jimbo la Tennessee, nchini Marekani, vilipewa ruzuku hasa kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Vichwa vilihesabiwa mwanzoni mwa muhula, basi. Kijana akiacha masomo baadaye, hasara ilikuwa yake na wazazi wake. Chuo kilikuwa kimeshapata fungu lake.

Januari 2010, Gavana Phil Bredesen alitia saini Sheria ya Kukamilisha Chuo, na ruzuku ikaanza kugawanywa kwa matokeo. Katika fomula ya kwanza, chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, kilijipatia pointi kila mwanafunzi alipofikisha krediti 12, 24 na 36, kisha alipohitimu. Kwa mtu mzima aliyerudi darasani, au anayetoka katika familia ya kipato cha chini, pointi ziliongezwa kwa asilimia 40. Lengo lilikuwa kuzuia vyuo visije vikachagua wale tu ambao wangefaulu hata bila msaada.

Sheria haikuwaelekeza wakuu wa vyuo kila hatua. Ilibana mfuko, wao wakalazimika kuumiza vichwa. Chukua hisabati. Wanafunzi dhaifu walikuwa wakianzia kozi za maandalizi zisizo na krediti, na wengi waliishia humo humo. Mwaka 2015 vyuo vya jamii vikaanza kuwaingiza moja kwa moja kwenye kozi yenye krediti, huku wakipewa vipindi vya msaada katika muhula huohuo. Kati ya wanafunzi hao dhaifu, waliofaulu hisabati ya chuo ndani ya mwaka wa kwanza walipanda kutoka asilimia 12 na kuvuka 50.

Lakini si kila kitu kilinyooka. Watafiti waliochunguza Tennessee na Ohio, jimbo jingine lenye fomula ya aina hii, waliona vyeti vya muda mfupi vikiongezeka, ilhali shahada hazikupanda kwa namna ya kuridhisha. Haishangazi: ukilipia karatasi, utaletewa kwanza ile iliyo nyepesi kutoa.

Wabunge wanaotaka vyuo vibuni mambo mapya waanzie kwenye fomula ya ruzuku kabla ya kuandaa makongamano ya ubunifu. Na kabla ya kuipitisha, wakubaliane ni mhitimu wa aina gani wanayemlipia, kwa sababu huyo ndiye watakayempata.