Jeni Inayojizima Ili Mgongo Ujengeke

Haya wanangu, kabla sijaanza, kila mmoja ainame kidogo, aweke kidole nyuma ya shingo, kisha akiteremshe polepole katikati ya mgongo. Mnavigusa vile vifundo? Hizo ni pingili za uti wa mgongo. Shingoni mnazo 7, na twiga naye, pamoja na shingo yake yote ile, anazo 7. Nyuma ya kifua zipo 12, kiunoni 5, na zilizobaki chini huungana kadiri mtu anavyokua. Ni nani aliyezipima na kuzikata?

Turudi kwenye wiki ya tatu tangu mimba yako itungwe. Ulikuwa kiinitete cha milimita chache, huna mkono wala uso. Mgongoni, kushoto na kulia, kulikuwa na ukanda wa seli usio na alama yoyote. Ndipo ukanda ule ukaanza kukatika vipande, jozi baada ya jozi, kuanzia upande wa kichwa kwenda mkiani. Karibu kila saa 5, jozi moja. Mama akipika, akilala, akisubiri basi, vipande viliendelea kukatika, na huenda hakuwa hata amejua kwamba ana mimba. Zilipotimia jozi 40 na ushei, kazi ikasimama. Wataalamu huviita vipande hivyo somaiti, na humo ndimo zinamotoka pingili, mbavu na misuli ya mgongo.

Inayoshika saa ya kazi hii ni jeni iitwayo HES7, iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Jeni nyingi husifiwa kwa kile zinachotengeneza. HES7 kazi yake ni kuzuia. DNA haitoki ndani ya kiini cha seli. Hunakiliwa, na nakala ndiyo inayopelekwa nje kutengenezea protini. Protini ya HES7 hurudi ndani ya kiini, ikashika DNA kwenye mwanzo wa jeni fulani, na pale kunakili husimama. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uhondo: miongoni mwa jeni inazozizima, imo HES7 yenyewe.

Mmewahi kuchungulia tangi la choo cha kuvuta? Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kufunga njia; yakishuka, njia hufunguka. Protini ya HES7 ikiwa nyingi, jeni yake hufungwa. Lakini protini hiyo haidumu, seli huivunjavunja mapema. Ikipungua, jeni hufunguka tena. Kila mzunguko mmoja, jozi moja ya vipande.

Saa hii ilionekana kwanza kwenye mayai ya kuku. Mwaka 1997, huko Marseille, Ufaransa, Isabel Palmeirim, Olivier Pourquié na wenzao walichukua viinitete vya vifaranga, wakaitenganisha sehemu ya nyuma iwe nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Nusu moja waliitia dawa papo hapo isibadilike tena. Nyingine wakaiacha iendelee kuishi kwenye chombo. Kisha wakatazama jeni ya ukoo mmoja na HES7 imefunguka wapi. Wakingoja muda mfupi, nusu mbili hazifanani. Wakingoja dakika 90, zinafanana tena. Na dakika 90 ndiyo muda ambao kifaranga hutumia kukata jozi moja! Kila nikisoma habari za jaribio lile nasisimka: saa ya mwili imegunduliwa kwa kukata na kungoja.

Saa ikiharibika, mgongo huonyesha. Mtoto akirithi HES7 yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia, pingili zinaweza kuumbika nusunusu au kushikana, mbavu zikaungana, na kifua kikawa kidogo hata kupumua kukawa shida. Watafiti walilieleza hilo mwaka 2008. Ni hali ya nadra, na wala si kosa la mama, si kosa la mtoto. Mtu asiwadanganye.

Kiinitete cha binadamu hakipasuliwi kama cha kuku. Kwa hiyo wanasayansi walilea seli za binadamu maabarani, wakazielekeza ziwe kama zile za ukanda, kisha wakaziwekea jeni ya mwanga ya kimulimuli inayofuata mwendo wa HES7. Zikawaka na kufifia, zikawaka na kufifia, kila saa 5 hivi. Za panya zilimaliza mzunguko kwa saa 2 au 3. Mwaka 2020, timu ya Miki Ebisuya ikauliza: je, mwendo huo umeandikwa ndani ya HES7 yenyewe? Wakaitia HES7 ya binadamu ndani ya seli za panya. Ikaenda kwa mwendo wa panya. Seli zetu hunakili jeni na kuvunja protini taratibu zaidi, na kwa upole huo kila kipande cha mgongo wa mtu hupata saa zake 5.