Mshahara Usiofika Mwisho wa Mwezi: Wafanyakazi wa Dar es Salaam Katika Ukata wa Miaka ya 1980

Mdororo wa uchumi, yaani kipindi ambacho uzalishaji, biashara na kipato cha nchi hupungua au husimama kwa muda mrefu, huelezwa kwa kawaida kwa takwimu za pato la taifa, deni la nje na thamani ya sarafu, na takwimu hizo, pamoja na umuhimu wake, hazielezi jinsi karani wa wizara au fundi wa kiwanda cha nguo alivyokula na kusomesha watoto katika miaka ambayo mshahara wake ulikuwa umeishiwa nguvu. Tanzania ya kati ya mwaka 1979 na 1986 inafaa kuchunguzwa kwa jicho hilo, kwa kuwa jambo lililotokea huko linatofautiana na picha iliyozoeleka ya hali ngumu, ambapo viwanda hufungwa na watu huachishwa kazi. Wafanyakazi wengi wa Tanzania walibaki na ajira zao katika kipindi chote hicho. Kilichotoweka ni uwezo wa ajira hizo kuwalisha.

Chanzo cha hali hiyo kilikuwa na mizizi kadhaa iliyosukana. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na kuilazimu nchi kujenga upya huduma za reli, posta na ndege zilizokuwa za pamoja, na mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera, yakaanzisha vita vilivyoiangusha Kampala Aprili 1979 na kumeza fedha nyingi za kigeni. Kwa upande wa ndani, mashirika ya umma yaliyohodhi ununuzi wa mazao yaliwalipa wakulima bei ndogo na mara nyingi kwa kuchelewa, hivyo kahawa, pamba, korosho na katani, ambazo ndizo zilizoiletea nchi dola, zikapungua. Wachambuzi wamebishana kwa miaka mingi kuhusu uzito wa kila sababu, na ubishi huo haujaisha. Kwa mfanyakazi, hata hivyo, sababu zote zilimfikia kwa njia moja, nayo ni ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri, malighafi na mafuta. Baada ya vita, Rais Julius Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na mikanda ikabaki imefungwa.

Ili kuelewa kilichompata mwenye mshahara ni lazima kutenganisha mambo mawili. Mshahara wa karatasi ni ile idadi ya shilingi anayoisainia mtu mwisho wa mwezi, ilhali mshahara halisi ni wingi wa vitu ambavyo shilingi hizo zinaweza kununua. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei, yaani kasi ya kupanda kwa bei za bidhaa kwa jumla, ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na ingawa serikali iliongeza kima cha chini cha mshahara mara kadhaa, kila nyongeza ilikuta bei zimekwishatangulia. Matokeo yake ni kwamba kati ya miaka ya katikati ya 1970 na mwishoni mwa miaka ya 1980 mshahara halisi wa mfanyakazi wa mjini ulipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Familia iliyokuwa ikiishi kwa mshahara mmoja hadi mwisho wa mwezi ikajikuta fedha hiyo haitoshi hata chakula peke yake.

Hata hizo takwimu za bei hazisemi yote, kwa sababu zilihesabu bei rasmi, na bidhaa zenyewe hazikupatikana kwa bei hiyo. Tume ya Bei ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilipanga bei za mamia ya bidhaa kwa nia njema ya kumlinda mnunuzi mdogo, lakini sukari, sabuni, mafuta ya kula, vitenge na dawa ya meno viliadimika katika maduka ya serikali na ya ushirika, na kuonekana, kwa wanaojua pa kubisha hodi, kwa bei mara kadhaa zaidi. Foleni ikawa sehemu ya kazi za nyumbani: watu waliziwahi alfajiri, wakaweka jiwe au kikapu kushika nafasi, na si ajabu mtu kujiunga na foleni kabla hajajua kinachouzwa. Waliokosa sabuni walifulia majani ya mpapai. Unga wa mahindi ya njano yaliyotoka nje ya nchi, ambayo Mtanzania hakuyazoea mezani, ulibatizwa jina la Yanga kwa kufuata rangi ya jezi za klabu ya soka ya jina hilo, na utani huo ulifanya kazi yake: ulikuwa njia ya kuukubali ugali huo bila kukubali kwamba umeshindwa. Mafuta ya gari yalipopungua, ilipigwa marufuku kuendesha magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali, ingawa marufuku hiyo ilimhusu zaidi mwenye gari kuliko mtu aliyekuwa akisubiri basi la UDA, shirika la usafiri la jiji, lisilokuja.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wafanyakazi hawakugoma wala kuacha kazi kwa wingi. Kuhusu mgomo, sheria ya mwaka 1967 iliyounda mahakama ya kudumu ya kazi iliufanya mgomo halali kuwa karibu jambo lisilowezekana, na chama pekee cha wafanyakazi, NUTA na baadaye JUWATA, kilikuwa mkono wa chama tawala. Kuhusu kuacha kazi, jibu lina mambo zaidi. Ajira ya serikalini au katika shirika la umma ilikuwa imebeba vitu vingi visivyoandikwa kwenye hati ya mshahara: kwa baadhi, nyumba ya kupanga kwa kodi nafuu; kwa wengine, mgawo wa sukari au kitambaa ambao ulipitia mahali pa kazi na ambao ungeweza kuuzwa tena kwa faida; kwa wote, kitambulisho, matibabu na watu wa kufahamiana nao. Sheria ya mwaka 1964 ya usalama wa ajira ilifanya iwe vigumu kumfukuza mtu kazi, kiasi kwamba viwanda vingi, ambavyo kufikia mwaka 1983 vilikuwa vikifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake kwa kukosa malighafi na vipuri, viliendelea kuwalipa watu ambao hawakuwa na cha kutengeneza. Mfanyakazi akabaki na cheo, akabaki na muda, akakosa fedha. Na kwa kuwa alikuwa na hivyo viwili vya kwanza, alivitumia kukitafuta cha tatu.

Alikitafuta kwa njia iliyoitwa mradi. Katika lugha ya ofisini mradi ni mpango mkubwa wenye bajeti na wafadhili, lakini katika mitaa ya Magomeni, Manzese, Buguruni na Temeke ulikuwa shughuli yoyote ndogo ya kujiongezea kipato nje ya mshahara: kukaanga maandazi na vitumbua, kuuza barafu kwenye vifuko vya nailoni, kufuga kuku, kushona nguo, kupika pombe, kulima mchicha kando ya mabonde, kuuza mkaa kwa kopo. Aliyekuwa na nafasi zaidi alikuwa na mradi mkubwa zaidi. Ng'ombe wa maziwa walifugwa nyuma ya nyumba za maofisa huko Oyster Bay, walimu walifundisha twisheni jioni, na mwenye gari dogo aliligeuza kuwa teksi bubu baada ya saa za kazi. Mtafiti Mmarekani Aili Mari Tripp, aliyefanya uchunguzi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, na wachumi T. L. Maliyamkono na Mboya Bagachwa, walioandika kuhusu uchumi wa pili wa Tanzania mwaka 1990, walionyesha kuwa shughuli hizo zisizosajiliwa wala kulipiwa kodi hazikuwa vijisenti vya pembeni. Kwa kaya nyingi ndizo zilizokuwa pato kuu, na mshahara ndio uliokuwa pembeni.

Hapo uhusiano wa mshahara na mradi ukageuka kinyume na ilivyozoeleka. Mshahara ulitumika kama mtaji: ukipokewa tarehe za mwisho, sehemu yake ilinunua ngano, mafuta na kuni za maandazi, au chakula cha kuku, kabla haujayeyushwa na bei. Na kwa kuwa benki hazikumkopesha mtu asiye na dhamana, mtaji mkubwa kidogo ulitokana na upatu, ambapo watu kumi au ishirini wanaoaminiana huchanga kiasi sawa kila wiki au kila mwezi na kumpa mmoja wao jumla yote kwa zamu. Upatu haukuanza na ukata huo, lakini mfumuko wa bei uliupa faida ya ziada, kwa maana fedha iliyopokewa na kugeuzwa mara moja kuwa cherehani haikupungua thamani kama ile iliyolala kwenye kitabu cha akiba. Wa mwisho katika zamu, bila shaka, alipokea shilingi zilizochakaa, na mpangilio wa zamu ukawa jambo la kubembelezana.

Walioibeba sehemu kubwa ya miradi hiyo walikuwa wanawake, ambao wengi wao hapo awali hawakuwa na kipato chao wenyewe mjini. Kuna maandishi yanayoeleza jambo hili kwa shangwe, kana kwamba ukata ulikuja kuwakomboa, na kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa mwanamke aliyemlipia mtoto ada kwa fedha ya vitumbua alipata sauti ambayo hakuwa nayo. Lakini fedha hiyo ilipatikana kwa kuamka saa kumi usiku, na kazi za kupika, kuchota maji na kulea hazikupungua hata kidogo. Watoto waliuza kabla na baada ya shule, wakati mwingine badala ya shule. Wanaosifu uhodari wa watu maskini katika kukabiliana na dhiki husahau mara nyingi kuuliza nani ndani ya nyumba aliyefanya kukabiliana huko.

Kijiji nacho kilibadilisha nafasi yake. Kwa miongo kadhaa mwenye mshahara mjini ndiye aliyetarajiwa kupeleka fedha, shuka na sukari nyumbani; katika miaka hii magunia ya mahindi, viazi na mpunga yalisafiri upande wa pili, juu ya malori, kwa ndugu walioko Dar es Salaam, na watu wa mjini wakatafuta mashamba pembezoni mwa jiji na mkoani Pwani.

Yote haya yalifanyika katika nchi ambayo sera yake iliyatilia shaka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi au kupangisha nyumba, na mfanyabiashara alionekana kama mnyonyaji. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza operesheni kali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zilifukuliwa, nyingine zikatupwa na wenyewe usiku, na wananchi wengi waliishangilia, kwa kuwa aliyepanga foleni tangu alfajiri hakuwa na huruma na aliyeficha mabati. Hata hivyo uhaba haukuisha, kwa sababu ulanguzi ulikuwa dalili ya upungufu zaidi ya kuwa chanzo chake. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambuliwa, na wachuuzi waliokamatwa mitaani wakasafirishwa vijijini. Wengi walirudi baada ya siku chache. Wakati huohuo serikali yenyewe iliruhusu mabasi madogo ya watu binafsi, ambayo yalikuwa yamebeba abiria kwa kujificha kwa miaka kadhaa, kufanya kazi kwa leseni, kwa kuwa bila hayo wafanyakazi wasingefika kazini.

Kuanzia hapo sheria ilianza kuwafuata watu. Bajeti ya Juni 1984 iliwaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, na mitumba, ambayo wenye mzaha waliiita kafa Ulaya, ikarudi sokoni. Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu Novemba 1985, na mwaka 1986 ukatiwa saini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ambao Nyerere alikuwa ameukataa kwa miaka kadhaa, shilingi ikashushwa thamani hadi kufikia 40 kwa dola moja. Sabuni na sukari zilijaa madukani. Kwa mfanyakazi wa kima cha chini mabadiliko hayo yalikuwa na sura mbili: foleni ilikwisha, na nafasi yake ikachukuliwa na bei, ambayo nayo ilimwacha nje ya mlango, tofauti ikiwa kwamba sasa aliviona vitu hivyo kwenye rafu.

Februari 1991, huko Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti ya Azimio la Arusha, na viongozi wakaruhusiwa kuwa na zaidi ya mshahara mmoja, kununua hisa na kupangisha nyumba, mambo ambayo walio chini yao walikuwa wamekwisha kuyafanya, kwa udogo wake, kwa zaidi ya miaka kumi. Kisha, katika miaka ya 1990, ndipo lilipokuja lile ambalo ukata wenyewe haukulileta: mashirika ya umma yalibinafsishwa au kufungwa, na makumi ya maelfu ya watumishi wa serikali wakapunguzwa kazi. Waliambiwa kwamba wangejiajiri, na wengi walikuwa tayari na mradi nyumbani. Lakini mradi huo ulikuwa umesimama juu ya mshahara uliouletea mtaji kila mwezi, nyumba iliyouhifadhi na ofisi iliyokuwa na wateja wake wa kwanza. Vilipoondoka vyote kwa pamoja, aliyepunguzwa aliingia sokoni akiwa na kiinua mgongo kidogo, akakuta meza za maandazi na marobota ya mitumba yamekwisha kujaa pande zote mbili za barabara, na wenye meza hizo wana uzoefu wa miaka kumi kumzidi.