Fahamu: Kipimajoto na siku za kushika mimba
Mwanamke wa Sakina au Ngaramtoni, mkoani Arusha, anayepima joto lake kila alfajiri kabla hajainuka kitandani anafuatilia kazi ya homoni. Yai likishatoka kwenye ovari, projesteroni huongezeka na joto la mwili hupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, likabaki juu hadi hedhi inapokaribia. Tatizo ni wakati. Yai huishi saa 12 hadi 24, mbegu za kiume hadi siku 5. Joto linapopanda, siku zenye nafasi kubwa ya mimba huwa zimeshapita. Kipimajoto huthibitisha yaliyotokea, hakitabiri. Kwa hiyo anayetafuta mtoto asikitegemee peke yake: ute wa ukeni unaoteleza na kuvutika hutangulia yai, na huo ndio wa kuangaliwa kwanza.

Wapo watakaosema baridi ya Julai chini ya Mlima Meru itaharibu vipimo. Lakini mwili hulinda joto lake la ndani. Homa, pombe na usingizi wa kukatikakatika, kama wa mama anayenyonyesha usiku, huvuruga zaidi. Pingamizi zito kwangu ni jingine: chati ya mke haisemi lolote kuhusu mbegu za mume. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba maishani, na wanaume wamo. Mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 kwa mwanamke aliyevuka miaka 35, waende hospitali wote wawili.