Kwenda New York saa 15, kurudi saa 14: ile saa moja imeenda wapi?

Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Ratiba ilipoanza ilisema kwenda ni saa 15 hivi, kurudi saa 14. Umbali ni ule ule, kama kilomita 11,800 ukikata mkato juu ya mviringo wa dunia, na ndege ni ile ile. Binamu yangu alipokuwa anarudi, mjomba alipiga hesabu kwa muda wa kwenda, akajiandaa taratibu. Ndege ikatua yeye akiwa bado kwenye jam ya Mombasa Road.

Jibu alilopewa kwenye grupu la familia: "Si dunia inazunguka!" Hebu tulipime hilo. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na pale ikweta uso wake unakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kama ndege ingeachwa angani huku ardhi ikizunguka chini yake, anayekwenda magharibi angekuta New York inamjia mbio. Safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi. Lakini mambo ni kinyume, kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege ikiwa imeegeshwa uwanjani tayari ina mwendo huo huo.

Mhusika hasa ni upepo. Kaskazini mwa tropiki, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege kubwa hupita, kuna mkondo mwembamba wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Hewa ya joto ya tropiki inaposogea kuelekea ncha ya dunia, mzunguko wa dunia huipinda upande wa mashariki (kwa hiyo grupu la familia halikukosea kabisa). Kasi ya mkondo huo mara nyingi hupita kilomita 160 kwa saa, na majira ya baridi inaweza kufika 300.

Injini huisukuma ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inahama. Ni kama mtumbwi mtoni: piga kasia kwa nguvu zile zile, ukishuka na maji unawahi, ukipanda unachelewa. Gawanya kilomita 11,800 kwa 15 unapata wastani wa 787 kwa saa. Kwa 14 unapata 843. Nusu ya tofauti hiyo ni 28 tu. Yaani upepo wa wastani wa kilomita 28 kwa saa, ukisambazwa njia nzima, unatosha kula saa nzima. Sehemu kubwa ya njia juu ya Afrika haina mkondo ule, ndiyo maana wastani ni mdogo hivyo.

Hiyo saa inalipiwa mafuta, na mafuta ni uzito. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege hupata shida zaidi kunyanyuka ikiwa imejaa. Kila tani ya mafuta ya kupambana na upepo inashindana na abiria na mizigo.

Ukienda kumpokea mtu, usisahau pia kwamba saa za New York ziko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 majira ya baridi na 7 majira ya joto. Mjomba alikuwa ametumia 7. Ilikuwa Julai, kwa hiyo hapo alipatia.