Tungule Haili Udongo

Mtaa wetu umebeba jina la mti, lakini anayekaa ghorofani Kikwajuni, Unguja, hana hata pa kuchimba shimo la mchaichai. Majumba haya ya maendeleo, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, humpa mtu wa juu dirisha. Ardhi ni ya walio chini.

Niliotesha tungule kwenye kopo la maziwa, nikaliweka juu ya meza ya sebuleni. Wiki ya pili miche ilikuwa mirefu, myembamba, imepauka, imelalia yote upande wa dirisha kama watu wanaochungulia harusi. Nikaulaumu udongo. Nikatafuta mwingine, mweusi, wa shamba. Miche ikalala vilevile.

Kosa hilo ni la kale. Watu waliamini mmea hula udongo, mpaka Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, alipoupeleka udongo kwenye mizani. Alitia ratili 200 za udongo mkavu ndani ya chombo, akapanda mche wa ratili 5, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Alipoung'oa, mti ulikuwa na ratili 169. Udongo ulikuwa umepungua wakia 2. Habari hiyo ilichapishwa 1648, mwenyewe keshafariki. Alidhani mti wote umetokana na maji, na hapo aliteleza. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, Mholanzi, akaonyesha kuwa majani mabichi huisafisha hewa yakiwa kwenye mwanga tu. Gizani kazi hiyo husita. Baadaye ikajulikana kuwa mmea huujenga mwili wake kwa hewa ya kaboni na maji, na mwanga ndio moto wa jiko. Tungule zangu zilikuwa na njaa ya jua.

Lakini sebule si ina mwanga? Jicho ndilo linalotughuri, maana mboni hupanuka kila mwanga unapopungua. Nje, jua la saa sita mchana hufikia luksi 100,000. Katikati ya chumba ambamo unasoma gazeti bila taa, huenda zikawa mia chache tu. Wewe unasoma, jani linafunga saumu.

Basi nikalihamishia kopo dirishani, nikagundua kuwa jua nalo lina musimu wake. Kisiwa chetu kiko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini ya utosi wetu. Miezi mingine hupita kusini. Kwa hiyo kaskazi ikivuma, jua liko kusini. Ikija kusi, jua limehamia kaskazini, kama walioteta. Dirisha la mashariki au la magharibi halina habari na ugomvi huo: hupata jua la ubavuni mwaka mzima. Hilo ndilo la kugombania na wenzio nyumbani, hasa kama wameshalitundikia pazia.

Zile wakia 2 nazo msizidharau. Ndizo chumvichumvi za udongo, chache lakini za lazima, na ndani ya kopo huisha haraka kwa sababu mizizi haina pa kusogea na maji huzichukua yakitoka. Kiganja cha samadi iliyooza vizuri kila baada ya wiki kadhaa huzirudisha. Na kopo litobolewe chini: mizizi huvuta pumzi, ukiizamisha majini inakosa hewa na kuoza.

Maua yalipokuja, yakapukutika. Ua la tungule lina dume na jike humo humo, ila chavua yake imefungiwa ndani ya kijineli na haitoki mpaka itikiswe. Nje, upepo na nyuki wakubwa huifanya kazi hiyo. Ndani ya nyumba yenye nyavu za mbu, mtikisaji ni mimi. Saa nne asubuhi, umande ukikauka, napiga kila kikonyo kwa kidole, taratibu.

Jirani yangu, bibi wa makamo, alinikuta nikifanya hivyo. Akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Mwanangu, unabisha hodi kwa nani?"

Mvuno wa kwanza ulikuwa tungule sita. Mbili nilimpelekea yeye.