Pikipiki Kubwa ya Safari Imetangazwa kwa Bei ya Kutupa: Ununue, au Mtaji Ubaki Kwenye Mzigo?



Leo tunajibu swali la wale wanaouza kupitia status za WhatsApp, Instagram na Facebook na kupeleka mzigo wenyewe. Umeona picha ya pikipiki kubwa iliyotumika, ile ya safari ndefu: kioo kikubwa mbele, kiti kama kochi, maboksi mawili ubavuni na moja nyuma. Muuzaji anasema "bei ya kutupa, chombo kimetoka Japani, hakijaguswa." Na wewe una hela ya korosho mkononi, au umemaliza mchezo wa kikoba. Moyo unasema: maboksi haya yatabeba mzigo wangu, nitafika Newala asubuhi, Mtwara mchana.

Usitume hela kwanza. Soma hapa mpaka mwisho, halafu uamue.

1. Ijue pikipiki yenyewe

Mfano unaojulikana zaidi ni Honda Gold Wing. Ile ya GL1500, iliyotengenezwa kuanzia 1988 mpaka 2000, ina silinda 6 na cc 1520. Iliyofuata, GL1800, ina cc 1832. Zote zina zaidi ya kilo 350 hata kabla hujaweka mzigo. Uzito huo ndio sababu wakaiwekea rivasi inayotumia mota ya stata, maana kuirudisha nyuma kwa miguu ni kazi kwelikweli.

Sasa ilinganishe na Boxer 150 ya bodaboda wa hapo stendi. Injini yake haifiki hata cc 150, na uzito haufiki nusu ya ule. Ikianguka kwenye mchanga unaiinua mwenyewe, unapangusa, unaondoka. Hiyo nyingine ikilala ubavu njiani, unasubiri wanaume watatu wapite.

2. Anza na kazi, pikipiki baadaye

Kabla ya kuuliza bei, chukua daftari uandike mambo manne:

✅ Kwa wiki napeleka vifurushi vingapi?
✅ Vinakwenda wapi? Mjini tu, au mpaka Kitangari, Mnyambe, Lulindi, Ndanda?
✅ Ni mzigo gani? Vitenge na viatu, au viroba na ndoo?
✅ Mteja ananilipa sh. ngapi ya usafiri?

Jambo la tatu huwashika wengi. Maboksi ya pikipiki za safari yanaonekana makubwa, na kwa nafasi ni kweli: yale ya GL1800 ya mwanzo yanafika takriban lita 150 kwa jumla. Lakini yalitengenezwa kubeba nguo za mtu na mkewe walio likizo. Kila boksi lina kikomo cha kilo, na ni kidogo. Nguo, vipodozi na simu vitaingia vizuri. Kiroba cha mchele hakiingii, na huwezi kumwambia fundi achomelee keria ya chuma kama ya Boxer, utaharibu bodi na mizani ya chombo.

Kama kazi yako ni mizigo mizito ya hapa mjini, chombo cha kuulizia ni guta la injini, sio pikipiki ya utalii.

3. Hesabu ya safari moja

Chukua mfano wa dada anayeuza vitenge na viatu kutoka Masasi mjini, anayepeleka mzigo Newala mara mbili kwa wiki. Kwa hesabu rahisi tuseme kwenda na kurudi ni km 140 na petroli ni sh. 3,000 kwa lita. (Bei halisi ya mji wako ipo kwenye tangazo la EWURA linalotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi.)

➡️ Pikipiki kubwa, km 15 kwa lita: zaidi kidogo ya lita 9, karibu sh. 28,000.
➡️ Pikipiki ndogo, km 40 kwa lita: lita 3.5, yaani sh. 10,500.

Tofauti ni sh. 17,500 kwa safari moja. Kwa safari 8 za mwezi ni sh. 140,000. Akiwa na vifurushi 7 kila safari, pikipiki kubwa inamla sh. 4,000 ya mafuta kwa kila kifurushi, ndogo inamla sh. 1,500. Mteja wa Newala aliyezoea kulipa 3,000 ya usafiri hatakubali 6,000 eti kwa sababu mzigo wake umeletwa na pikipiki yenye redio.

Sasa weka na hela ya kununulia. Tuseme kubwa inauzwa milioni 8 na ndogo nzuri iliyotumika unaipata kwa milioni 2. Hiyo milioni 6 ya tofauti ingekuwa mzigo. Kama mzigo wako unazunguka mara moja kwa mwezi na kukuachia faida ya asilimia 10, umekosa sh. 600,000 kila mwezi. Jumlisha na ile 140,000 ya mafuta: sh. 740,000 kwa mwezi, na bado hatujafika kwa fundi.

Badilisha namba hizi uweke za kwako. Ukiona hata za kwako zinakataa, pikipiki imeshakujibu.

4. Barabara zetu

Tuseme ukweli, kuna upande ambao chombo hiki kinafaa. Kutoka Masasi lami inakupeleka Ndanda mpaka Mingoyo, ukitaka Lindi au Mtwara. Upande wa pili lami inakwenda Mangaka, Tunduru mpaka Songea. Kwenye njia hizo pikipiki kubwa inatulia, haikuchoshi mgongo, na upepo wa malori hauisumbui.

Lakini wateja wetu wengi hawakai pembeni ya lami. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye km 210, inajengwa kwa lami kwa awamu. Ukitoka kwenye barabara kuu kuingia vijijini huku juu, unakutana na mchanga ule unaozama tairi, na masika yakianza unakutana na utelezi na makorongo. Tairi pana la lami lenye zaidi ya kilo 350 juu yake halina rafiki kwenye mchanga. Ukishuka mwinuko wa Newala na mzigo nyuma, breki ndio roho yako.

Jambo jingine ni joto. Injini kubwa inayopozwa kwa maji inataka upepo. Ukitembea gia ya kwanza kwenye mchanga kwa muda mrefu, feni na rejeta lazima viwe vizima, la sivyo utapika injini.

5. Spea na fundi

Hapa ndipo biashara nyingi hufia. Boxer au TVS ikikatika waya wa klachi, unapata spea Masasi, Newala, hata kwenye kijiduka cha kijijini. Pikipiki kubwa ikitaka pedi za breki, tairi au sensa, unaagiza Dar, na Dar wakikosa unaagiza nje. Wiki tatu chombo kimesimama, na wateja uliowaambia "mzigo unafika kesho" wanaomba refandi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, nenda kwa fundi wako na maswali mawili: umewahi kufungua injini ya aina hii? Tairi la nyuma la saizi hii tunalipata wapi na kwa siku ngapi? Akianza kukuna kichwa, umeshaelewa.

6. Bado unaitaka? Ikague hivi

🔧 Iwashe ikiwa ya baridi. Shika injini kwa mkono kabla. Ukikuta ina moto, muuzaji ameshaiwasha kukuficha ugumu wa kuwaka. Rudi siku nyingine.

🔧 Soma dashibodi vizuri. Pikipiki iliyotoka Marekani inaweza kuhesabu maili. Maili 40,000 ni zaidi ya km 64,000.

🔧 Angalia tarehe ya tairi. Ubavuni kuna namba nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini limezeeka ni hatari, linapasuka.

🔧 Mikanda ya taimingi. GL1500 inatumia mikanda. Ikikatika, valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Muuzaji akikosa ushahidi kwamba imebadilishwa, ihesabu kama haijabadilishwa, na gharama hiyo uitoe kwenye bei. GL1800 inatumia cheni kwa kazi hiyo.

🔧 Shokapu za mbele. Bonyeza mbele mara kadhaa, pangusa nguzo zake kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na oili, sili zimekufa.

🔧 Jaribu kila swichi. Rivasi, feni, taa, honi, chaji ya betri. Hitilafu ya umeme kwenye pikipiki hizi inakula siku za fundi.

🔧 Iinue mwenyewe. Kaa, itoe kwenye stendi, igeuze kwenye uwanja mdogo. Kama miguu haifiki chini vizuri hapo dukani, kwenye mchanga wa Mnyambe itakuwaje?

7. Karatasi kabla ya hela

📄 Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zile za kwenye kadi. Herufi moja ikitofautiana, ondoka.

📄 Anayeuza awe ndiye mwenye jina kwenye kadi, na kitambulisho chake ukione. "Ni ya shemeji yuko Dar" haitoshi. Andikianeni mkataba wa mauziano, kisha hamisheni umiliki TRA. Uliza gharama za kuhamisha na ushuru wa stempu mapema, uziweke kwenye bajeti.

📄 Bima ihakiki kwa TIRA-MIS, na madeni ya faini yaangalie kwenye mfumo wa Polisi wa usalama barabarani kwa kutumia namba ya chombo.

📄 Sisi tuko jirani na Msumbiji. Chombo chenye namba za nje, au kisicho na namba kabisa, bila nyaraka za forodha, ni kesi. Kinaweza kukamatwa na hela yako isirudi, hata kama ulinunua kwa nia njema.

📄 Leseni yako: pikipiki inayozidi cc 125 inataka daraja A au A1. Leseni ya gari peke yake haikutoshi. Na hili linawahusu hata wenye Boxer 150.

⚠️ Na wewe unayeuza mtandaoni unajua mchezo huu: "Tuma advansi laki tatu nikushikie, kuna mtu anakuja jioni." Mwache huyo wa jioni aichukue. Hela itoke baada ya macho yako, fundi wako na kadi kukutana sehemu moja.

8. Nani anunue, nani aache

👍 Inaweza kukufaa kama: safari zako ni za lami na ni ndefu, mzigo ni mwepesi na wa thamani, una leseni na uzoefu wa vyombo vikubwa, una akiba ya matengenezo iliyo mbali na mtaji, na ukiitoa hela hiyo rafu za duka hazibaki wazi.

👎 Iache kama: hiyo ndiyo hela yako yote, wateja wako wako vijijini, fundi wako haijui, au unaipenda kwa sababu ya picha tu. Kuipenda sio dhambi. Ila inunue siku ambayo biashara imeshakulipa, kwa hela ya starehe, sio kwa hela ya mzigo.

Kuna na njia ya tatu ambayo watu huisahau: usinunue chombo chochote kwa sasa. Kusanya oda za Newala siku mbili kwa wiki, zifunge vizuri, andika jina na namba ya mteja, mkabidhi kondakta mnayeaminiana, na umpe bodaboda wa kule kazi ya kusambaza. Ukiona kwa miezi mitatu mfululizo unalipa usafiri mkubwa kuliko gharama ya kuendesha pikipiki ndogo, hapo chombo kimejiombea chenyewe kununuliwa.

Hela ya korosho inakuja mara moja kwa mwaka. Chombo unachokinunua leo lazima kiwe bado kinatembea Mei na Juni, wakati mfukoni kumekauka na oda zimepungua. Ukikiuza miezi hiyo kwa shida, mnunuzi ndiye atakayepanga bei.

Mtumie mwenzako anayetaka kulipia advansi leo jioni. 🙏